Kaburi la Mume Wangu Limefunga Njia ya Maji

(Majina ya watu nimeyabadili na kijiji sikukitaja. Mengine nimeyaacha kama yalivyonifikia. Mshauri.)

Mpendwa Mshauri,

Naomba unishike mkono kwa ushauri wako, kwa maana nimekwisha kuwauliza watu wa nyumbani na kila mmoja ananijibu kwa faida yake, nami nimelia mpaka sasa machozi hayanipi nafuu tena. Mimi ni mjane wa upande wa Muleba, Mkatoliki niliyebatizwa utotoni, na maneno haya ameniandikia mwalimu wa shule ya misheni huku mimi nikimtamkia, hivyo ukiona yamepangwa vibaya, kosa ni la moyo wangu, si la mkono wake.

Marehemu mume wangu alikuwa Apolinary, na kijiji chetu ni kama vijiji vingine vya Uhaya, migomba na mibuni ya kila mtu iko kwenye kibanja chake, na ukitoka kwenye migomba unakutana na rweya, ile nyika ya majani ambayo si ya mtu mmoja. Ng'ombe wa kila nyumba hulisha huko, nyasi za kuezeka na za kutandika sakafuni tunakata huko, sisi wanawake tunalima njugu mawe msimu mmoja kisha tunaiacha ardhi ipumzike, na senene, wale panzi wa kuliwa, wakianguka watoto wa kijiji kizima hukimbilia huko na hakuna anayeuliza mtoto wa nani ameokota wapi. Na juu kidogo, mahali rweya inapojikunja, ndipo penye chemchemi inayotunywesha sote, Wakatoliki, Walutheri na zile nyumba chache za Waislamu.

Nilipokuwa bado mama kijana, Apolinary alikwenda kuungama kabla ya Pasaka akarudi na kitubio ambacho hatujapata kukisikia kwetu, Padri alimwambia asafishe njia ya chemchemi kwa juma zima. Dhambi yenyewe sikuijua wala sikumwuliza. Juma likaisha, Pasaka ikapita, naye akaendelea kwenda kila Ijumaa na panga na jembe, akichimbua mchanga ulioziba maji, akifyeka kinga ya moto kabla ya kiangazi ili wachomaji wa majani wasiunguze mlima wote, mpaka watu wakaanza kumtania njiani, "Apolinary, dhambi gani hiyo isiyokwisha?" naye akawajibu, "Hiyo ni yako, nakusaidia tu." Wakampa jina la Padri wa Nyasi. Vijana wakikutana naye walimheshimu kwa mzaha wakisema, "Waitu Padri, misa ya leo ni saa ngapi?" na yeye akasema, "Njoo na panga lako, utaisikia." Hawakuja, Mshauri, walicheka wakaenda zao, isipokuwa jirani yetu mmoja tu, Aroni, naye ni Mlutheri.

Siku zile tatu kabla ya Kupaa Bwana, tunapofanya maandamano ya kuombea mashamba, ni Apolinary aliyemwomba Padri asiishie kwenye migomba yetu, apande mpaka rweya na kuinyunyizia maji ya baraka, na Padri akapanda, nasi nyuma tukiimba Litania ya Watakatifu kwenye upepo. Nilimwuliza mume wangu kwa nini anaihangaikia nchi isiyo yake kuliko migomba yake, akaniambia, "Kwa kibanja wataniuliza wanangu. Kwa rweya ataniuliza Mungu, kwa kuwa hakuna mtu mwingine atakayeuliza."

Kisha ng'ombe wakawa wengi, wakakanyaga chemchemi mpaka ikawa tope, na Apolinary akakata vipande vya milamula akavipanda kuizunguka pamoja na majani yaliyo juu yake, akaacha mlango mpana wa watu na mitungi. Wewe ni mtu wa kwetu, unajua kwamba mlamula ni mti wa mpaka na anayeupanda kuzunguka mahali anasema hapa ni pangu. Nilimwambia, "Apolinary, watu watasema unajipimia kibanja." Alicheka. Akasema, "Vizuri, ng'ombe nao waamini hivyo, basi watapaheshimu." Aroni alikuwapo, ndiye aliyebeba vipande, naye akacheka pia. Milamula ikashika, ikawa ukuta wa kijani, na maji yakarudi kuwa meupe, na hakuna aliyesema neno kwa sababu kila mtu alikuwa anakunywa.

Mwaka jana mume wangu akaugua kifua, tukampeleka Rubya hospitalini kwa machela, masista wakamhudumia kwa upendo lakini sauti ilikuwa imekwisha kumpotea, akafa bila kuagiza lolote juu ya maziko yake. Tuliporudi naye nyumbani, mwanangu mdogo Privatus akasema, "Mama, Tata tumzike kule juu kwenye milamula yake, pale ndipo alipopapenda." Mshauri, mimi nilikuwa nimelala chini kwenye nyasi za msiba, kichwa kimefungwa kitambaa, nikasikia maneno yale kama asali, nikasema moyoni, mwanangu ana moyo wa baba yake. Nikakubali. Padri alikuwa safarini kwenye vigango vya mbali, akazikwa na katekista, na Padri aliporudi alitazama mlimani akaniuliza kwa nini si kwenye makaburi ya misheni, nikamwambia kwamba marehemu alipapenda.

Matanga hayajapoa, Privatus akaenda kwa Mkungu, mkuu wa kijiji chetu, Mzee Rugaibula, akamwambia kwamba mahali pale ni kibanja cha baba yake. Mkungu akapanda mlimani, akaona milamula, akaona kaburi, akasema, "Mpaka upo, na mwenyewe amelala ndani yake. Nitafute nini tena?" Kwetu pale penye kaburi la baba yako ndipo pako, hakuna wa kukutoa. Privatus akaziba ule mlango wa mitungi kwa miiba, akapanda mibuni kwenye majani juu ya maji, na wanawake sasa wanateremka mpaka kinamasini kuchota maji mekundu, wanarudi wamechoka, wakipita mbele ya nyumba yangu wanatema mate.

Na jina la mume wangu limekuwa uchafu. Waliokuwa wakimwita Padri wa Nyasi kwa mzaha sasa wanasema alikuwa mwizi mvumilivu, kwamba miaka yote alikuwa anapima kwa rozari. Jumapili moja nilipotumbukiza vidole kwenye maji ya baraka mlangoni mwa kanisa, Kokubanza, mwanamke niliyelima naye njugu tangu ujana, akaniita kwa jina la mume wangu, watu wote wasikie, "Muka Apolinary, acha kidogo! Au haya nayo mmekuja kuyazungushia milamula?" Watu wakacheka ndani ya nyumba ya Mungu. Na Walutheri wanawaambia watu wetu, "Kumbe ile litania yenu ilikuwa ya kupimia shamba," isipokuwa Aroni, ambaye anasema kweli, lakini wanamjibu kwamba yeye ni rafiki wa marehemu na si wa dini yetu, atayajuaje ya moyoni mwake.

Nimemwambia Privatus afungue maji. Akanijibu, "Mama, aliyekwenda kila Ijumaa na panga alikuwa nani? Walikuwa wao? Walipita na mitungi yao wakamcheka. Leo waliomcheka ndio wenye mali?" Na ni kweli walimcheka. Naye ana shida yake, kaka yake Ndyamukama ndiye mrithi, ameshika kibanja, na Privatus amebaki na kipande kidogo hiki tunamoishi mimi na yeye. Wazee wa msichana anayemposa walikuja kuangalia, wakatembea kwenye migomba yetu, mara wakafika mwisho, mmoja akauliza, "Waitu, hiki ni kibanja au ni ua wa mbele?" Mwanangu alicheka pamoja nao, lakini jioni hakula.

Sasa wanawake wamepeleka shauri kwa Mwami, mtawala wa nchi yetu, na baraza limeitwa baada ya mavuno ya njugu, na Mwami amesema atamsikiliza mjane, akisema mjane kwamba marehemu alijipandia, shauri limekwisha, akisema alipandia watu wote, mibuni itang'olewa. Privatus ameniambia, "Ukisema vile nitapanda meli kwenda Uganda, na huko sitakuwa na mama." Wengi wa kwetu wamekwenda Uganda, Mshauri, na wengine mpaka leo mama zao wanauliza wasafiri. Nao wanawake wamesema hawataki mibuni tu iondoke, wanataka na kaburi liondoke, kwa sababu likibaki, wajukuu zangu watakuja kudai tena. Wamesema, "Mtoeni mtu wenu kwenye maji yetu." Mtu wenu! Mimi huenda pale kila jioni, nakaa naye, namsimulia ya mchana, ni faraja pekee niliyo nayo.

Nisaidie. Je, mama anaweza kusimama barazani dhidi ya mtoto wa tumbo lake? Nikisema tu kwamba sikumbuki, kwa kuwa mimi ni mzee na ni siku nyingi, je, ni dhambi? Je, kumfukua Mkristo aliyelala si kumkosea? Na mwanangu akienda, mimi nitazikwa na nani?

Ni mimi mjane mwenye huzuni,
Muleba.


JIBU LA MSHAURI

Mama mpendwa katika Kristo,

Pole sana. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ilivyo desturi yangu, na nilipofika pale kwenye nyasi za msiba niliiweka chini, nikatoka nje kidogo. Mtu akifiwa hana macho ya kuona mbali. Lakini hukuniandikia ili nami nilie. Umeuliza, nami nitakujibu, na nitaanza na swali ambalo ulilificha katikati ya mengine ili nisilitazame sana.

Unauliza kama kusema "sikumbuki" ni dhambi. Ni dhambi, nawe unajua, kwa sababu mtu asiyejua haulizi. Unakumbuka utani wa vijana njiani. Unakumbuka ni nani aliyebeba vipande vya milamula na ni nani aliyecheka. Unakumbuka maneno ya mume wako juu ya rweya, tena umeyatamka vizuri mpaka mimi, nisiyemfahamu, nimesikia sauti yake. Kisha ukasimame mbele ya Mwami useme kwamba uzee umekusahaulisha? Amri ya Nane haikuwaacha nje wajane. Usilitamke neno hilo tena, hata chumbani mwako.

Nitakukaripia na kwa jambo la pili. Kosa la kukubali maziko yale nakusamehe. Ulikuwa umelala chini, na kijana alisema maneno matamu. Lakini Padri alipokuuliza, ulikuwa umekwisha kuinuka. Mkungu alipopanda mlimani, ulikuwa umekwisha kuinuka. Miiba ilipowekwa mlangoni mwa maji, uliiona kwa macho yako, ukaendelea kwenda kila jioni kukaa kaburini. Uliingiaje, Mama? Nadhani mwanao alikuachia upenyo. Basi jioni zote hizo ulikuwa mtu pekee wa kijiji aliyeruhusiwa kuifikia chemchemi, na wenzako walikuwa kinamasini. Uliyapata maliwazo yako kwa kiu yao. Ni neno kali, lakini ni afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa Kokubanza, ambaye amekosa heshima kanisani ila katika jambo lenyewe hakukosa.

Marehemu naye sitamwacha, ingawa namheshimu. Alitenda jema, na alilitenda peke yake mno. Wewe ulimwonya kuhusu milamula naye akacheka. Alipaswa kuwaita watu wa kila nyumba, akatae kupanda hata kipande kimoja mpaka wengine nao wameshika jembe. Na kama wangekataa kuja, alipaswa kumwita Mkungu na kutamka mbele ya mashahidi kwamba uzio ule ni wa watu wote. Kwa nia yake alikuwa mtumishi wa kijiji, lakini macho ya watu yalimwona mtu mmoja, panga moja, mpaka mmoja. Mali ya wote ikitunzwa na mmoja miaka mingi, watoto wa huyo mmoja hujifunza kusema "yetu". Privatus hakuzaliwa mwizi. Aliona baba yake akichoka na watu wakicheka, akahesabu lile jasho kuwa ni deni. Na ninyi mliocheka, kama mnasoma haya, jueni kwamba miiba ile mlisaidia kuikata.

Hata hivyo kijana ana makosa, na umtajie kosa lake kwa jina. Alilotenda linaitwa wizi, tena wizi aliouficha chini ya maiti ya baba yake. Mungu aliyaumba maji kabla ya kuwapo Mkungu, Mwami au Serikali, na aliwapa wenye kiu, hakuuliza kwanza ni wa kanisa gani. Sisi Wakatoliki tunakiri kila Jumapili kwamba Yeye ni Muumba wa mbingu na dunia. Hatusemi Muumba wa vibanja. Mtu akiiharibu rweya kwa kuwa haina mwenyewe, ameiharibu mbele ya Mwenyewe. Mume wako alilifahamu hili kuliko wengi waliosoma katekisimu mpaka ukurasa wa mwisho. Na Privatus akienda kuungama huku mibuni bado iko juu ya maji ya watu, Padri atamwuliza amerudisha nini, na akijibu kwamba hajarudisha, hataondolewa dhambi.

Sasa swali la mama kusimama dhidi ya mtoto wake. Hutasimama dhidi yake. Baraza litakuuliza nia ya mume wako, na ukimwacha Aroni, ambaye hawamsadiki, wewe ndiwe mtu wa mwisho aliye hai anayeweza kumtetea Apolinary asiitwe mwizi. Mwanao yu hai. Ana ulimi, ana miguu, ana njia ya kutubu. Marehemu hana chochote ila kinywa chako. Ukinyamaza, kijiji kitamzika mara ya pili, na safari hii katika aibu.

Je, Privatus atakwenda Uganda? Sitakudanganya. Huenda atakwenda. Huenda na asirudi. Nimewaona akina mama hao unaowataja, wanaouliza wasafiri gatini Bukoba. Siwezi kukuahidi kwamba ukisema kweli utalipwa kwa kubaki na mwanao. Lakini tazama upande wa pili: kijana atakayebaki kwa sababu mama yake alisema uongo atakula kahawa ile mbele yako miaka yote, nawe utakuwa unapika kwa maji ya wenzako. Kama ni kumpoteza, utakuwa umempoteza akiwa mezani kwako.

Kuna mtu mmoja umemtaja mara moja tu, kisha ukampita haraka. Ni Ndyamukama. Ni mrithi, ameshika kibanja, na barua nzima haisemi kwamba kuna mtu aliyemwendea. Kwa nini? Je, mnamwogopa? Kwa nini uhaba wa ardhi wa nyumba yenu ulipwe na chemchemi ya kijiji, hali kaka wa huyo kijana ana migomba ambayo wageni hawafiki mwisho wake kwa hatua chache? Mrithi hapewi kibanja ili ale peke yake. Amepewa pia wadogo zake na mama yake. Hapo ndipo palipokuwa pa kulia, Mama, nanyi mkaenda kulia mlimani.

Basi, fanya hivi, na ufanye kabla ya mavuno ya njugu kwisha.

Waite wazee wa ukoo wenu, keti nao pamoja na Ndyamukama, na umtake mbele yao amkatie mdogo wake sehemu ya kibanja. Akikataa, wazee wamwombee Privatus kwa Mkungu mahali pengine pa rweya, mbali na maji, kwa njia ya halali, huku majirani wakishuhudia na kukubali. Vijana wengi wamepata hivyo. Mweleze Privatus jambo hili kwanza, tena mweleze kwa upole, ili asije akasema kwamba mama yake alimfungia mlango bila kumwonyesha mwingine.

Siku ya baraza vaa nguo zako safi, nenda na Aroni, usimame useme yale uliyoniandikia: aliyosema Apolinary siku ya kupanda, na jinsi alivyoacha mlango mpana kwa ajili ya mitungi. Mtu anayejipimia kibanja haachi mlango wa mitungi ya kijiji kizima. Sema hivyo. Usilie mpaka umemaliza.

Mibuni ing'olewe. Milamula ising'olewe, kwa sababu ng'ombe bado wapo, na bila uzio maji yatarudi kuwa tope. Bali mwombe Mwami aagize kwamba kila nyumba ikate kipande na kukipanda upya kwa mkono wake katika ule ukuta, Mkatoliki, Mlutheri na Mwislamu, na Kokubanza awe miongoni mwa watu wa kwanza. Baada ya hapo hakuna mtu mmoja atakayeweza kusema kwamba mpaka ule ni wake. Na Ijumaa ziwe za zamu. Waliomcheka Padri wa Nyasi sasa washike panga.

Limebaki kaburi. Najua ndilo ulilotaka nilisahau.

Nilitafuta njia ya kuliacha. Nilifikiri, labda atangaze barazani kwamba kaburi halileti haki yoyote, na Mwami aandike. Lakini waliosikia watakufa, karatasi zitaliwa na mchwa, na kaburi litabaki pale likisema lugha ile ambayo kila Mhaya anaisikia bila kufundishwa. Mjukuu wako atasimama juu yake na kusema, "Babu yangu amelala hapa." Wanawake wenzako wana haki. Mume wako aliilinda rweya maisha yake yote, nanyi mmemlaza pale kuwa shahidi wa kuichukua. Huko si kumpumzisha. Kumhamisha kwa heshima hakumkosei; kinachomkosea ni kazi mliyompa.

Mtoe, Mama. Mwendee Padri, mweleze yote, akuombee kibali kwa Bwana DC, kwa maana bila kibali cha Serikali kaburi haliguswi. Padri awepo siku hiyo, na sala zisomwe zote, na mwili wake upelekwe katika makaburi ya misheni, ardhi iliyobarikiwa, ambako hapana mtu anayepata kibanja kwa kulala. Mwombe Privatus achimbe. Akikataa, wachimbe Ndyamukama na Aroni. Akiwa amekwisha kuondoka kwa meli, wachimbe hivyo hivyo.

Na umeuliza utazikwa na nani. Utazikwa na Kanisa, kando ya mume wako, kule misheni. Nafasi hiyo mwombe Padri siku ile ile. Kama mwanao atakuwapo au hatakuwapo, hilo sikupewa kulijua.

Shimo la mlimani likishafukiwa, usisimike msalaba, usipande ua, usizungushie mawe. Acha majani yaote. Itakuwa vigumu kwako, kwa sababu utakuwa unapajua. Nenda kuchota maji pamoja na wenzako, ukae katika foleni yao hata kama hakuna atakayekusemesha mwanzoni, na ukifika pale usisimame wala usipazunguke. Pita juu yake na mtungi wako, kama wanavyopita wote.

Mungu akutie nguvu.

Mshauri wako.